Simbilisi wetu amezubaa na hulia akishikwa: je, tatizo ni mlo wake?

Ummu Swabra (Tudor)

Assalam aleikum, na salamu kwa wote wanaofuga wanyama wadogo hapa Mombasa.

Nyumbani tunao simbilisi wawili, wote majike, ambao watoto waliletewa na mjomba wao kutoka bara. Mdogo ana umri wa miezi minne hivi, na mkubwa ametimiza mwaka na ushei. Tangu waje, chakula chao ni karoti, matango, na konzi ya chakula cha kuku wa mayai, kwa kuwa muuzaji aliyetupimia alituhakikishia kwamba kinamfaa mnyama yeyote mdogo. Jioni huwapa sukuma wiki, ambayo huichemsha kwanza mpaka ilainike ili kuondoa dawa za shambani na kuua vijidudu. Watoto nao, hata wakikatazwa, huwapenyezea vipande vya chapati na mahamri kila wapatapo nafasi.

Anayenitia wasiwasi ni huyu mkubwa. Alikuwa akisikia mlango wa friji ukifunguliwa hupiga miluzi mpaka jirani wa chini anasikia. Siku hizi hunyamaza, hujikunyata pembeni mwa kizimba, manyoya yamesimama na kupoteza mng'ao, na watoto wakimwinua hulia kama anayeumizwa. Akipewa karoti huiendea, huing'ata mara moja au mbili, kisha huiacha. Nikimtazama magoti ya nyuma naona kama yamevimba kidogo. Baba watoto anasema ni uzee, lakini sidhani mnyama wa mwaka mmoja anaweza kuwa mzee.

Naomba wenye ujuzi wanieleze mlo unaofaa, hasa kwa vitu vinavyopatikana Marikiti na Kongowea, maana maelezo mengi ninayosoma hutaja nyasi na vyakula vya Ulaya na Marekani ambavyo hapa sijaviona. Je, nyasi kavu ni za lazima? Hapa zinauzwa kwa marobota makubwa kwa wenye ng'ombe, nasi tunaishi ghorofani.

Kijana wa Kisauni

Wa aleikum salaam, dada. Huyo amepungukiwa na vitamini tu. Nunua zile za matone dukani, umtilie kwenye chupa ya maji, na baada ya muda mfupi atachangamka. Karoti na matango endelea nayo. Chakula cha kuku badilisha, umpe cha sungura, kwa sababu sungura na simbilisi hawana tofauti kubwa.

Tabibu wa Mifugo (Nyali)

Wa aleikum salaam, Ummu Swabra. Nianze na la haraka: mpeleke mkubwa kwa daktari wa mifugo leo au kesho asubuhi, usingojee mwisho wa wiki. Kulia akishikwa, kukataa kutembea, magoti kuvimba, manyoya kusimama na kuacha chakula alichokuwa akikipenda ni dalili za kiseyeye, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini C, ingawa meno yaliyorefuka kupita kiasi nayo huweza kumfanya mnyama aing'ate karoti na kuiacha, na yote mawili huweza kumpata mnyama mmoja kwa wakati mmoja. Simbilisi asiyekula kwa siku nzima yumo hatarini, kwa sababu utumbo wake umeumbwa kufanya kazi bila kusimama, na ukisimama hujaa gesi naye hawezi kutapika. Umri si hoja hapa, kwani simbilisi aliyetunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 7.

Jambo jingine la haraka: usimpe dawa yoyote ya binadamu iliyobaki kabatini. Amoksisilini na jamii yote ya penisilini zikinyweshwa simbilisi huua bakteria wema wa utumbo wake, bakteria wa sumu wakachukua nafasi yao, na mnyama akafa kwa kuhara.

Sasa tuje kwenye mlo. Neno lililonishtua katika maelezo yako ni kuchemsha. Simbilisi, kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa sababu unakosa kimeng'enya cha kukamilisha kazi hiyo. Sungura, panya na kuku wanacho, ndiyo maana chakula kilichotengenezwa kwa ajili yao hakihitaji kutiwa vitamini hiyo. Vitamini C huharibika kwa moto na huyeyuka katika maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile iliyokuwa ndani ya sukuma wiki yako imemwagwa pamoja na maji ya sufuria. Matango ni maji kwa sehemu kubwa. Karoti ina miligramu 6 hivi tu katika gramu 100, na juu ya hapo ina sukari. Simbilisi mzima anahitaji takriban miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na mwenye mimba au mgonjwa anahitaji zaidi. Mwili wake hauna akiba kubwa. Akiikosa kabisa, dalili huanza kuonekana ndani ya wiki mbili au tatu. Mdogo wako yuko njia hiyo hiyo, ila bado hajafika.

Chanzo rahisi kuliko vyote hapa Mombasa ni pilipili hoho mbichi. Hoho ya kijani ina miligramu 80 hivi kwa gramu 100, na nyekundu ina zaidi ya 100. Robo ya hoho ya wastani, yaani gramu 30 hivi, humpa simbilisi mmoja kiasi cha kutosha kwa siku. Ondoa mbegu na kikonyo, mkatie vipande vyembamba, mpe ikiwa imetoka kukatwa. Mapera yana vitamini C nyingi hata kuishinda hoho, lakini yana sukari, kwa hiyo yawe kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki.

Kuhusu ushauri wa matone kwenye maji, naomba kutofautiana na kaka yetu wa Kisauni. Vitamini C iliyotiwa majini huharibika upesi kwa mwanga na joto, na kwa joto letu la kaskazi upesi zaidi. Huwezi kujua mnyama amekunywa kiasi gani, na wengine huchukia ladha yake wakapunguza kunywa, jambo ambalo ni baya kuliko kukosa vitamini yenyewe. Ikiwa daktari ataagiza vitamini ya kunywesha, mpe moja kwa moja mdomoni kwa sirinji isiyo na sindano, ukiielekeza pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele. Iwe vitamini C peke yake. Zile za mchanganyiko zina vitamini A na D ambazo zikizidi humdhuru.

Chakula cha kuku wa mayai kiondoe leo hii. Kina kalsiamu ya asilimia 3 hadi 4 kwa ajili ya kutengeneza maganda ya mayai, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa mnyama asiyetaga. Kalsiamu inayozidi hutoka kwa mkojo, na hapo ndipo vijiwe vya kibofu huanzia. Pia hakina nyuzinyuzi za kutosha, na vumbi lake humkaba. Cha sungura hakina vitamini C, na baadhi ya vyakula vya sungura hutiwa dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) zisizokusudiwa simbilisi. Ukipata chakula cha punje kilichotengenezewa simbilisi, soma tarehe ya kutengenezwa, kwa maana vitamini iliyomo hupungua sana baada ya miezi mitatu, kisha mpe vijiko viwili vya mezani kwa siku, visizidi. Usipokipata, usihangaike, nyasi nzuri na mboga mbichi za aina mbalimbali zinaweza kumlea bila punje hata moja.

Kwa hiyo, ndiyo, nyasi ni za lazima. Simbilisi ana meno 20, na yote hukua maisha yake yote. Hayakwanguliwi na kitu kigumu kama mkate mkavu, kama wengi wanavyodhani. Yanasagika kwa kutafuna nyasi ndefu kwa saa nyingi, taya likienda upande huu na huu. Asipotafuna, meno ya nyuma huinamia ulimi na kuuzuia, na kutoka hapo hata chakula bora huishia kutazamwa tu. Nyasi ziwepo kizimbani usiku na mchana, na ziwe sehemu kubwa kabisa ya mlo. Mboga mbichi ni kikombe kimoja hivi kwa mnyama mmoja kwa siku. Matunda ni ya kuonja. Chapati, mahamri, ugali, wali, njugu na maziwa havimo kabisa. Vitunguu vya aina zote, parachichi na viazi mviringo vilivyochipua ni sumu kwake.

Mzee wa Likoni

Binti yangu, tabibu amesema ya kitabibu, nami niongeze ya shambani, kwa kuwa nimefuga mbuzi na simbilisi pamoja kwa miaka mingi.

Watu wa mjini husoma kuhusu nyasi za timothi wakafikiri bila hizo mnyama hali. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, nako amelishwa majani ya huko tangu kale bila kuagiziwa chochote. Hapa pwani tunao ukoka, tunazo zile nyasi ndefu za gini zinazojiotea kila kiwanja kilicho wazi baada ya mvua, na tuna matete ya napia yanayouzwa kwa mafungu na wakataji wanaowapelekea wenye mbuzi na ng'ombe. Zote zinafaa zikiwa mbichi na changa. Matete yaliyokomaa yana kingo zinazokata, kwa hiyo chagua machanga na uyakatekate. Maganda mabichi ya mahindi nayo ni chakula kizuri, na wachomaji wa mahindi barabarani huyatupa bure. Waombe yale ya ndani, laini, yasiyoguswa na moshi wala vumbi. Majani ya viazi vitamu simbilisi huyapenda mno, na kotmiri hailazimu kubembelezwa.

Angalia ulikokata. Usichukue nyasi za ukingo wa barabara kuu, wala za uwanja wanapopita mbwa, wala zilizokatwa na mashine na kurundikwa, kwa kuwa rundo hilo hupata moto kwa ndani na kuchacha, na tumbo la mnyama hujaa. Usimpe kisamvu kibichi, majani ya nyanya wala ya viazi mviringo. Ikiwa unakata karibu na ua wa mnyaa au lantana, hakikisha hakuna jani lililoingia katika fungu. Utomvu wa mnyaa ukimgusa mdomoni humchoma, na lantana huharibu ini.

Nyasi mbichi zianze kidogo kidogo. Mnyama aliyezoea nafaka ukimjazia kizimba ukoka siku ya kwanza atahara, nawe utadhani ukoka ndio mbaya. Ongeza kila siku mpaka tumbo lizoee.

Kuhusu nyasi kavu, zinazopatikana huku ni za Boma Rhodes, na ni nzuri. Adui yake ni unyevu wetu wa bahari. Robota ukiliweka sakafuni ndani ya mfuko wa plastiki, katikati yake huota ukungu kabla hujalifikia, na nyasi zenye ukungu ni bora azikose. Liinue juu ya mbao, lifunike kwa gunia linalopitisha hewa, liwe mbali na ukuta, na kila unapochomoa fungu, linuse. Linatakiwa kunukia kama majani makavu. Likinuka kama chumba kilichofungwa, au likitoa vumbi la kijivu ukilipiga, litupe. Miezi ya Januari na Februari unaweza hata kukausha nyasi zako mwenyewe kivulini ukizigeuza asubuhi na jioni, lakini masika ikishaingia jambo hilo ni la kusahau.

Kijana wa Kisauni

Nimekubali kuhusu matone, tabibu. Ila sukuma wiki mbona haijatajwa? Wangu wanakula sukuma mbichi kila siku, asubuhi na jioni, na hawajapata hicho kiseyeye.

Tabibu wa Mifugo (Nyali)

Hawajakipata kwa sababu unawapa mbichi, kaka. Ikiwa mbichi ina vitamini C ya kutosha kabisa. Kasoro yake ni kalsiamu, ambayo inazidi miligramu 200 kwa gramu 100, kwa hiyo kwa mnyama mzima mimi hushauri jani moja mara mbili au tatu kwa wiki, siku nyingine zichukuliwe na saladi ya majani ya kijani, majani ya viazi vitamu, kotmiri na hoho. Spinachi na mchicha vina asidi ya oksaliki nyingi, nayo pia huchangia vijiwe, basi viwe vya nadra zaidi. Ukiona mkojo unaacha unga mweupe mzito kwenye matandiko, au una damu, au mnyama analia akikojoa, usiendelee kusoma jukwaani, nenda kwa daktari.

Kinyume chake ni mdogo wa Ummu Swabra. Aliye chini ya miezi sita bado anajenga mifupa, kwa hiyo kwake sukuma si tatizo, na hata lusene (majani ya mifugo yaitwayo pia alfalfa), ambayo kwa mzima ina kalsiamu nyingi mno, kwake inafaa.

Dawa za shambani zinazomtia mama yetu hofu ni jambo la kweli, lakini moto si njia yake. Osha jani moja moja chini ya maji yanayotiririka, pande zote mbili, yaloweke kidogo katika maji safi, yasuuze tena na uyakung'ute. Mboga ambazo hazijaliwa ndani ya saa chache ziondoe, kwa sababu kwa joto hili huoza haraka.

Na maji ya kunywa yawe yale mnayokunywa ninyi wenyewe. Najua nyumba nyingi hapa zina maji ya kisima ya kuoshea vyombo. Yale ya chumvi msimpe. Simbilisi wa kilo moja hunywa mililita 100 hivi kwa siku, zaidi wakati wa kaskazi. Chupa ibadilishwe maji kila siku, na bonyeza ile chuchu ya chuma kwa kidole uone tone linatoka, kwa maana mara nyingi huziba na chupa ikaonekana imejaa huku mnyama ana kiu. Kizimba kiwe kivulini penye hewa. Joto likipita nyuzi 30 simbilisi huanza kuzidiwa, na cha kwanza anachokiacha ni chakula.

Ummu Swabra (Tudor)

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Tulimpeleka. Daktari alimfungua mdomo, akakuta fizi zimevimba na zina damu lakini meno ya nyuma bado hayajainama, akasema ni kiseyeye, akamdunga vitamini C na kutupatia nyingine ya kumnywesha nyumbani. Ameanza tena kula majani laini, na jana alipiga mluzi mmoja, ingawa hafifu.

Nina mambo mawili yaliyobaki. La kwanza, hoho haitaki kabisa: hunusa na kugeuza uso, na mdogo huiburura kizimba kizima bila kuila. La pili, nitajuaje kama mlo mpya unamfaa kabla hajafikia tena hali ile?

Tabibu wa Mifugo (Nyali)

Alhamdulillahi. Kuhusu hoho, simbilisi hujifunza kutambua chakula akiwa mchanga sana, na kitu asichokijua wakati huo hukishuku baadaye. Usimlazimishe na usimwache na njaa ili akubali, kwa sababu huyu hana nguvu ya kukaa na njaa. Mkatie nyembamba kama uzi, uchanganye na kotmiri au majani ya viazi vitamu anayoyapenda, na umsugulie majimaji yake kwenye jani la sukuma. Anza na nyekundu, kwa kuwa ni tamu kuliko ya kijani. Mdogo akianza kuila mbele yake, mkubwa ataiga, maana wanaangaliana sana midomo. Mpaka akubali, endelea na sirinji kama mlivyoagizwa.

Kuhusu la pili, tumia mizani ya jikoni. Mweke ndani ya bakuli kila wiki, siku ile ile na wakati ule ule, kabla ya kula, na uandike. Jike mzima huwa kati ya gramu 700 na 900 hivi. Gramu chache kupanda na kushuka ni kawaida, lakini akipoteza 50 au zaidi kwa wiki moja kuna jambo, hata kama bado anaonekana mchangamfu; simbilisi huficha ugonjwa mpaka asiweze tena. Tazama na kinyesi chake: vidonge viwe vigumu kiasi, vya kahawia, vyenye umbo moja. Vikiwa vidogo, vikavu na vichache, nyasi hazitoshi. Ukimwona akiinamisha kichwa chini ya tumbo na kula vidonge laini vinapotoka, mwache, kwa kuwa anarudisha vitamini za jamii ya B na protini zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo wake.

Mzee wa Likoni

Binti yangu, robota zima ni kubwa kwa simbilisi wawili wa ghorofani, litaota ukungu kabla halijafika nusu. Tafuta mwenzako mgawane.

Kijana wa Kisauni

Mimi niko tayari, dada. Ninanunua Jumamosi. Nitakukatia nusu nikuwekee kwenye gunia, ila usilete mfuko wa plastiki, mzee atatugombeza sote.